Nilihesabu Siku za Mjukuu, Nikasahau za Viza

Walimu wenzangu wa Kigoma, leo sina uso.

Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani hapa Brussels, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Mkwe wangu yuko sebuleni. Nina kiu kali, lakini maji yako jikoni, na ili nifike jikoni lazima nipite mbele yake. Heri kiu.

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla mwanangu Neema hajawapigia simu wadogo zake, maana yule binti akisimulia jambo lazima atie chumvi. (Hili halihitaji chumvi. Mtaona.)

Mnajua nilikuja huku kumlea Neema, uzazi wake wa kwanza. Nilitua Jumatatu, tarehe mbili Machi. Mtoto alitarajiwa katikati ya mwezi, yeye akaona tumboni kuna joto zaidi kuliko Ubelgiji, akakaa. Alitoka tarehe ishirini na tano. Msichana. Wamempa jina langu, Skola, na mimi tangu siku hiyo natembea kifua mbele kama mkuu wa shule siku ya mahafali.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa mwisho wa Aprili. Lakini mtoto akishachelewa, arobaini nayo inachelewa. Nikapiga hesabu: arobaini ya Skola inaangukia Jumapili hii inayokuja, tarehe tatu Mei. Sasa niambieni, bibi gani anamwacha mzazi kabla ya arobaini? Mtoto atolewe nje na nani? Nikafungua pasi yangu, nikaitazama viza, nikaona imeandikwa wazi kwamba ni hadi tarehe kumi na tano Mei. Nikashukuru. Nikampigia mwanangu wa Dar, akanisogezea tiketi hadi tarehe sita.

Neema na Pascal walikuwa bado hospitali, sikuwauliza. Mwalimu wa hesabu haombi msaada wa hesabu. Waliporudi nikawataarifu tu. Pascal, mkwe wangu, ni Mkongomani wa Uvira, kijana mpole anayefanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa hajalala siku mbili. Akanijibu:

"Bon. Kama maman amehesabu, imehesabika. Maman ni professeur ya calcul."

Kumbukeni maneno hayo.

Basi nikaanzisha kalenda. Niliibandika jikoni kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi, kabla ya uji wa mzazi, naandika namba kwa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku kitovu kilipoanguka nimeweka nyota. Tulipohama kutoka mtaa wa Auderghem kuja huu wa Etterbeek, wiki tatu zilizopita, kitu cha kwanza nilichotundika ni kalenda ile, tena kwa sumaku iliyokuwa imeshika karatasi fulani ya Kifaransa. Karatasi ikabaki nyuma. Sikuisoma. Kifaransa chenyewe sikijui.

Leo asubuhi nimeandika thelathini na tano.

Neema alikuwa na miadi ya kumpima mtoto uzito. (Ndiyo, huku mzazi hutoka kabla ya arobaini. Nilipinga. Nilishindwa.) Mimi nikaamua kwenda kusuka, ili Jumapili nimtoe mjukuu wangu nikiwa na kichwa cha heshima. Nikaenda mtaa wa Matonge, kwenye ile galeri ya masaluni ya Waafrika, kwa dada mmoja wa Bukavu anayeitwa Maman Furaha. Anasuka upesi, na anaongea upesi kuliko anavyosuka.

Mambo yalikwenda vizuri upande wote wa kushoto. Upande wa kulia ndipo alipouliza:

"Maman, uko na siku ngapi huku Belgique?"

"Thelathini na tano," nikajibu bila kufikiri.

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Trente-cinq? Mais maman, si uliniambia ulikuyaka mbele mutoto azaliwe?"

"Ndiyo."

"Na mutoto iko na siku ngapi?"

Nikaivuta kichwani ile kalenda ya friji.

"Thelathini na tano," nikasema.

Saluni nzima ikageuka kunitazama. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya darasa. Nimepiga mistari myekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Kumbe tangu mtoto azaliwe, siku zangu mwenyewe nilikuwa nimeacha kuzihesabu. Nilikuwa nikiulizwa zangu nataja zake.

"Hakuna neno," nikasema, nikicheka kidogo. "Viza yangu ni hadi tarehe kumi na tano Mei."

"Leta nione ile passeport."

Pasi huwa natembea nayo, nimeifunga kwenye kitambaa kiunoni. Nikaitoa. Maman Furaha akaishika kwa vidole viwili vyenye mafuta, akaisoma, akatikisa kichwa namna ambayo madaktari hutikisa.

"Donc, maman, sikiya. Hii tarehe ya quinze ni ya viza yenyewe. Haiko ya weye kukaa. Ya kukaa ni hapa, unaona? Durée. Soixante jours. Bantu bengi banaangukaka hapo."

"Sitini?"

"Soixante. Na siku uliingia nayo banaihesabu. Hata kama ulifika magaribi."

"Lakini siku ya kuingia mtu amechoka!"

"Bo habahesabu kuchoka, maman. Banahesabu siku."

Halafu, badala ya kuendelea kusuka, akanisimulia kisa. Kuna mama mmoja wa kwao aliyezidisha siku nne tu. Walimkamata uwanja wa ndege akiwa ameshaaga, ameshalia, ameshapima mizigo.

"Bakamuandika mu ordinateur. Sasa ni trois ans, miaka tatu, anaombaka viza, banamukatalia. Na mukwe wake, mwenye alisignaka karatasi ya kumupokea, naye bakamuita ku bureau."

Hapo ndipo woga uliponiingia. Pascal ndiye aliyetia saini ya kunipokea. Alisimama kwenye ofisi akaapa kwa maandishi kwamba mama mkwe wake ataondoka siku yake ikifika. Na Skola ni wa kwanza, kutakuwa na wa pili, wa tatu. Niandikwe kwenye kompyuta, nikataliwe viza, nimwone mjukuu mwenye jina langu kwenye simu tu hadi nife?

"Ulijideclarer ku commune, walau?" akauliza.

"Ni nini hiyo?"

"Kujiandikisha ku bureau ya mtaa, maman," akasema Maman Furaha, akafunga macho.

Sikungoja. Nikasimama, nikamwambia nitarudi, nikatoka mbio. Alinifuata hadi mlangoni akipunga chanuo, "Maman! Kichwa! Maman, kichwa!" Sikugeuka. Ni baadaye sana, njiani, nilipogundua kwamba nilikuwa bado nimevaa lile joho jeusi la saluni, linapepea nyuma yangu kama la padri aliyechelewa misa.

Sasa, kutoka Matonge kwenda Etterbeek ninaijua njia moja tu, kwa miguu, ile aliyonionyesha Pascal. Inapita katikati ya yale majengo makubwa ya vioo ya Umoja wa Ulaya. Jamani! Njia nzima ni sare! Mlinzi mlango huu, mlinzi mlango ule, polisi wawili kwenye kona, gari lao limeegeshwa. Wiki tatu nimepita pale nikiwasalimia. Leo kila mmoja aliyenitazama nilijua anajua. (Bila shaka walinitazama. Nusu kichwa kimesukwa, joho, mama mtu mzima anatembea huku akihesabu vidole kwa sauti.)

Maana nilikuwa nahesabu. Machi ina thelathini na moja. Toa moja. Au usitoe? Weka Aprili. Mara ya kwanza nikapata hamsini na saba. Mara ya pili, hamsini na tisa. Mara ya tatu polisi mmoja alikohoa, nikapata tisini na tatu.

Tisini na tatu! Nikasimama katikati ya barabara. Mnajua mtu mwenye hofu akipata majibu matatu huamini lipi? Huamini baya. Nikatembea nikiwa nimeshahukumiwa.

Kwetu wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku Ulaya, nikawaza, mgeni wanampa pingu.

Nikafika nyumbani jasho linanitoka katika baridi ya Aprili. Tunakaa ghorofa ya pili. Hakukuwa na mtu. Nikafunga mlango mara mbili, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikajaribu kuhesabu tena polepole kama ninavyowafundisha darasa la tatu, kwa maharage. Nilikuwa nimefika haragwe la kumi na nane kengele ikalia.

Nikasogea dirishani, nikachungulia kwa ncha ya pazia. Chini pale mlangoni alikuwa amesimama polisi. Peke yake, sare ya buluu, ana jalada mkononi.

Nilishikilia meza. Nikajiambia Maman Furaha hawezi kuwa amenishitaki, ni mtu wa kanisa. Basi ni kompyuta. Kompyuta imehesabu, imepata tisini na tatu, imemtuma.

Kengele tena. Pale ukutani kuna kile kisimu cha kuongea na mtu aliye chini. Neema alinifundisha sentensi moja ya Kifaransa ya kuwafukuza wauza bidhaa, na ndiyo pekee ninayoijua kwa ufasaha. Nikakiinua, nikasema kwa sauti nzito:

"Il n'y a personne ici."

Yaani, hapa hakuna mtu.

Yule polisi akasema jambo refu, taratibu, nikasikia ndani yake jina la Pascal, jina kamili, na la ukoo wake. Wamemjua mdhamini! Nikarudia kwa mkazo zaidi kwamba hapa hakuna mtu. Akauliza swali. Hata bila Kifaransa nilielewa anauliza basi anayeongea ni nani. Nikakirudisha kisimu mahali pake kwa adabu.

Nikachungulia tena. Naye alikuwa ameinua uso. Macho yetu yakakutana. Akapunga mkono.

Nikalala chini sakafuni. Kifudifudi. Na joho.

Ningebaki hapo hadi Mei, ila nikasikia mlango mkubwa wa chini ukifunguliwa. Jirani wa ghorofa ya chini, bikizee wa Kibelgiji mwenye kambwa kadogo kenye makelele, alikuwa amemfungulia. Nyayo zikaanza kupanda ngazi. Moja. Mbili. (Hizo nilizihesabu vizuri sana.) Akabisha hodi mlangoni kwetu.

Nikatambaa hadi jikoni, nikafungua mlango wa kibaraza cha nyuma, kile tunachoanikia nguo za mtoto, nikatoka, nikauvuta nyuma yangu polepole.

Ukajibana. Tik.

Kitasa cha mlango ule kiko ndani tu.

Nikabaki nje, ghorofa ya pili, mvua ya rasharasha inanidondokea upande wa kichwa usiosukwa. Pembeni kulikuwa na kanga yangu imeanikwa. Nikajibanza nyuma yake. Kanga yenyewe ni ile mliyonipa siku ya kuniaga, yenye maandishi "Mgeni njoo mwenyeji apone." Nikasali. Nilimwambia Mungu: kama ni kunirudisha, nirudishe, lakini Pascal hana kosa, na mtoto asije akaambiwa bibi yako alifukuzwa.

Niliogopa kuliko siku nilipoambiwa mkaguzi mkuu yuko getini na sina andalio la somo.

Chini uani, kale kambwa kakaniona. Kakaanza kubweka huku kameinua pua. Bikizee akatoka, akatazama juu. Alichoona ni kanga, chini ya kanga miguu miwili, juu ya kanga nusu kichwa. Akapiga yowe. Akamwita polisi.

Ndiyo, yule yule. Alikuwa bado kwenye ngazi zetu. Akashuka mbio, akatokea uani, akatazama juu.

"Madame?" akasema.

Jamani, nikainua mikono. Kanga ikaanguka. Nikaanza kukiri, kwa sauti, kwa lugha zote nilizojaliwa: Kiswahili, Kiingereza cha chuo cha ualimu, na mwishoni Kiha.

"Nimezidisha! Tisini na tatu! Nilihesabu vibaya! Mkwe wangu hana kosa, nimehesabu mwenyewe! Nichukueni mimi!"

Madirisha yakafunguka. Ghorofa ya tatu, ya nne, jengo la jirani. Mzungu mmoja alitoka na kikombe chake cha kahawa. Kambwa kakanyamaza kusikiliza.

Na hapo hapo, wenzangu, nikaona katika ule ujia wa kuingilia uani Neema amesimama na mtoto kifuani. Nyuma yake, Pascal.

Nyinyi mnajua kwetu mkwe ni nani. Mimi mbele ya Pascal hata tonge nalimeza kwa kugeuka. Miezi miwili nimeishi naye nyumba moja, hajaniona bila kilemba. Leo kaniona mikono juu, joho, nusu kichwa rasta nusu kichwa manyoya, nakiri jinai kwa Kiha.

Yule kijana amelelewa. Aliinamisha uso papo hapo, akasemezana kidogo na polisi, akapanda juu, akafungua mlango wa kibaraza huku ametazama ukuta, akanyoosha mkono nyuma kunipa kitambaa.

"Maman, shusha mikono," akaniambia akiwa bado anaongea na ukuta. "Huyu papa hakukuya juu yako. Hata hakujua kama uko."

"Amekujia nini basi?"

"Tulihama, si ndiyo? Njo vile banafanyaka huku. Ukihama, polisi wa mtaa anapita kuangalia kama kweli unaishi pa ile adresse. Anaona tu jina ku boîte ya barua, anaona bantu, anaenda."

"Nilimwambia hapa hakuna mtu," nikasema.

Pascal akauliza ukuta: "Mara ngapi?"

"Mbili."

Akaenda kumwita.

Yule polisi alipanda, tukamkaribisha jikoni. Mtu mzima, ana masharubu ya mvi, anatembea kwa heshima kama yuko kanisani, na nadhani alikuwa anauma shavu lake la ndani ili asicheke. Akaona maharage kumi na nane mezani, hakuuliza. Kupitia kwa Pascal akasema ameandika kwamba nyumba ina watu, tena wengi. Halafu akanigeukia mimi, akauliza kwa upole, kwani hiyo tisini na tatu ni nini?

Neema akacheka. Kicheko cha ghafla, hadi mtoto akashtuka. "Mama! Umejumlisha na siku za Skola!"

Nikapiga hesabu. Hamsini na nane, jumlisha thelathini na tano. Ni kweli. Nilijumlisha umri wa mtoto mchanga kwenye viza yangu.

"Na commune je? Sikujiandikisha," nikasema kwa unyonge, maana nilishaamua kukiri yote.

"Ulijiandikisha, maman. Siku ya pili, kule Auderghem. Si tulienda pamoja?"

Kumbe ile ofisi! Nilitia saini mahali, nikadhani ni kama kitabu cha wageni pale shuleni. Pascal akaenda kwenye friji, akainua kalenda yangu, na nyuma yake, imeshikwa na sumaku ile ile, ikatokea ile karatasi ya Kifaransa. Imepigwa muhuri. Ina jina langu. Ina tarehe kubwa kabisa, imechapwa kwa wino mzito, ya mwisho wa mimi kukaa. Thelathini Aprili.

Imekaa hapo kila asubuhi. Nilikuwa naandika juu yake.

Pascal akaisoma, akatazama kalenda, akatazama karatasi. Kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika.

"Maman... na billet yako ya ndege ni ya tarehe ngapi?"

"Sita Mei."

Neema akaacha kucheka.

Polisi akainua vidole viwili, akanionyesha bila ubaya wowote. Bado siku mbili. Jumatano na Alhamisi. Akasema nikiondoka Alhamisi sina kosa lolote, karibu tena mwakani. Akatuaga, akampungia mtoto, akashuka. Nikamsikia akifika chini, akafunga mlango mkubwa, na kwa mbali, nje, akacheka kicheko alichokuwa amekibana tangu uani.

Mwanangu wa Dar amesogeza tiketi. Alhamisi asubuhi. Sikuulizwa hata mara moja kama nimehesabu.

Niwaambie ukweli, hapo woga uliondoka lakini machozi yakaja. Nilikaa na maharage yangu. Jumapili mtoto atafika arobaini na mimi nitakuwa Kigoma. Nimevuka mabara kwa ajili ya siku moja, na ndiyo siku pekee nitakayoikosa. Nilikuwa nimeshanunua hadi kitambaa. Nililia, na sikujali kama Pascal yupo. (Alikuwa amegeukia friji, Mungu ambariki. Leo amelitazama friji lile kuliko fundi.)

Neema akavuta kiti, akaniwekea Skola mapajani. Akachukua kalamu yangu nyekundu, akaiendea kalenda. Akarudi nyuma hadi Machi, hadi tarehe mbili, pale palipokuwa patupu, akaandika moja.

"Ulipofika ulifanya nini cha kwanza?" akaniuliza.

"Nilikushika tumbo."

"Akafanya nini?"

"Akanipiga teke."

"Basi mlikutana siku hiyo." Akaendelea kuandika, mbili, tatu, nne, akipita juu ya namba zangu bila heshima, hadi kufika leo. "Hamsini na nane. Mama, arobaini yake na wewe ilishapita. Kwa mjukuu wako ndiko ulikozidisha. Siku kumi na nane."

Nikazikagua. Nilitafuta kosa, mnanijua. Sikuliona.

Kwa hiyo kesho namtoa nje Skola, mimi mwenyewe, kwa kitambaa changu. Maman Furaha amesema atakuja nyumbani kumalizia kichwa na kuchukua joho lake, na nimemkataza kuniuliza swali lolote lenye namba.

Sasa hivi kuna aliyegonga mlango wa chumba. Ni Pascal. Ameweka glasi ya maji chini, nje ya mlango, akasema akiwa tayari anaondoka, "Maman, maji iko hapa. Mimi niko naangalia televizioni, sioni kintu."

Wenzangu, mwenye viza asome siku, asisome tarehe. Na nyinyi mlioko kwenye kundi hili, najua mmeshaanza. Chekeni. Lakini mimi natua Ijumaa, na mchekaji nampa siku mbili tu. Ya tatu nampa jembe.